Mgeni Hakungoja Palizi

Juzi mjukuu wangu alikuja mbio kutoka shuleni, hapa Kilolo. "Bibi, wazungu wanakuja kujitolea, watapaka rangi madarasa! Mwalimu mkuu anataka wewe uwashukuru, kwa sababu mzungu ndiye aliyekufundisha kusoma." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kaa hapa nikueleze, maana habari hii inasimuliwa kichwa chini miguu juu.

Miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza, nilikuwa msichana mdogo. Alfajiri ukungu umelala bondeni, sisi tumeshatoka kuchuma pareto, umande unatutia ganzi vidoleni. Ukirudi unakuta viazi jivuni, ganda limeungua, ndani vitamu. Shule ilikuwa ya kaka zetu. Baba alisema msichana asome moto na chungu.

Kiangazi kimoja misheni ikaleta vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo. Mmoja, msichana aliyeiva shingo kwa jua, akafikia kwetu, akafungua darasa la wasichana. Baba akaniruhusu shingo upande, kwa kuona aibu kumkatalia mgeni. Na kuku wetu walikwisha kwa ajili yake! Ila bibi yangu, mama yake baba, hakubabaika. Siku ya tatu akampa jembe.

"Bibi, mikono inaungua!" msichana akalia, malengelenge yamemtoka.

"Pole, mwanangu. Hata ule ugali wa jana uliunguza mikono ya mtu."

Akacheka, akaendelea kulima. Simsemi vibaya, moyo alikuwa nao. Alijifunza "kamwene" yetu, akawa anaamkia hadi mbuzi. Mvua zilipoanza akapanda maharage yake kando ya shamba letu. Darasani naye akatuanzishia ba be bi bo bu, tukapanda nazo polepole mpaka ma me mi mo mu.

Hapo muda wake ukaisha. Maharage ndiyo kwanza yanatoa majani. Akatukumbatia, akalia, tukapigwa picha, lori la misheni likateremka kwenda Iringa mjini. Darasa likageuzwa stoo ya mahindi. Magugu yakaingia kwenye maharage.

Baba hakuchelewa. "Mwalimu kaondoka, na shule imeondoka. Kesho ashike jembe."

Bibi alikuwa anapepeta ulezi. Hata kichwa hakuinua. "Jembe nitashika mimi. Huyu atasoma."

"Atasomeshwa na nani, mama?"

 Bibi aliweka ungo chini, akatia jembe begani, akanishika mkono mpaka kwa jirani yetu mjane. Mama yule alijua kusoma, alijifunzia kwenye mafundisho ya ubatizo, lakini hakuwa na wa kumsaidia shamba. Bibi akamwambia: "Wewe mfundishe huyu, mimi nitakupalilia."

Basi msimu ule wote bibi yangu, na mgongo wake uliokwisha kupinda, alipalilia mahindi ya mtu mwingine. Mimi nimekaa chini ya ghala na mjane, yeye anamenya maharage, mimi naimba na ne ni no nu. Nikikosea, sauti inatoka katikati ya mahindi: "Rudia! Mgongo wangu huo unaouchezea!" Jioni wanawake wawili wale walikunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, kwenye kata moja, wakinisikiliza nikisoma, wakicheka kama wasichana.

Maharage ya mgeni nayo bibi aliyapalilia, tukayala. Alikuwa akisema, kupanda hata mpita njia anaweza, palizi ni ya mwenye njaa.

Leo lile shamba limemezwa na misonobari. Nyumba ya mjane hata msingi huuoni. Ile desturi ya kulimiana, leo kwangu kesho kwako, imekufa pia, kila mtu na kibarua wake. Kilichobaki ni picha ukutani misheni, mgeni katikati, sisi tumemzunguka. Bibi hayumo. Siku ile alikuwa shambani.

Kwa hiyo nimemwambia mjukuu wangu: mwambie mwalimu mkuu nitakuja. Wageni waje, chai ipo, viazi vipo. Lakini nikisimama mbele yao nitawataja wanawake wawili, na wote ni wa hapa hapa. Wakiuliza wasaidie nini, jembe liko nyuma ya mlango wangu na palizi ni Januari. Waulize kama watakuwepo.