Mjumbe wa Bodi Kwenye Chungu cha Posa

Ndugu zangu, haya ninayasimulia nikiwa nimeinamisha macho, maana hata leo nikipita njia ya kilabuni wapo wanaoniita "Mheshimiwa Mrija", na mimi naitika tu, kwa sababu nikinuna nitakuwa nimeongeza dhambi juu ya aibu.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya ushauri ya mkoa wetu, ile inayoishauri serikali juu ya afya ya akili na uraibu. Wenzangu mezani ni madaktari, maofisa ustawi wa jamii, padri na shehe, na mimi niliyependekezwa na parokia kwa sababu moja tu: nilikuwa mwalimu wa dini, pombe ikanimeza, kisha Mungu kwa huruma yake akaiamuru initapike nchi kavu. Ni miaka mingi sasa. Daktari akimaliza kusema vinavyoandikwa vitabuni, mwenyekiti hunigeukia na kuuliza, "Mzee Titus, kwa sisi tuliopita huko ikoje?" (Yeye hajapita huko, lakini ni mtu wa adabu.)

Sasa hapa Sumbawanga nina jirani, Gaspari, fundi uashi, mtu mzima mwenye watoto, ambaye aliacha pombe si zamani sana. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini hupita kwangu, tunakunywa chai, tunasali kidogo, anakwenda. Siku moja akaniambia, "Mzee wangu, mimi najishikiza kwako. Siku nikisikia umeonja, narudi kilabuni siku hiyohiyo, sijisumbui tena." Nilicheka ili asione nilivyoshtuka, lakini maneno yale yaliniogopesha kuliko takwimu zote za madaktari.

Basi mjukuu wangu Remi akapata mchumba kule Mpui, na ukoo ukanichagua mimi kuwa msemaji wa posa. Asubuhi ya Jumamosi nikavaa suti, na juu ya suti nikakining'iniza shingoni kile kitambulisho cha bodi chenye picha yangu. Mke wangu, Mama Edita, akaniuliza, "Baba Edita, unakwenda kuposa au kukagua?" Nikamwambia ni kwa heshima ya ukoo. Mungu anajua ilikuwa kwa heshima ya nani.

Tulipokelewa vizuri sana. Tukaketishwa, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha, na wazee wa nyumba wakaleta chungu cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi inayonyonywa kwa mrija huku ikiongezwa maji ya moto. Kwetu msemaji hafungui kinywa kwa maneno kabla hajakifungua kwa mrija. Babu wa binti akaninyooshea mrija kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni mkubwa.

Hapo ndipo penye kosa. Ningesema tu, "Wazee, mimi sinywi," basi. Lakini nikawaza, wataniuliza kwa nini, nami ni mtu wa dini siwezi kudanganya, itabidi niseme pombe iliwahi kunishinda, na baba gani atampeleka binti yake kwenye ukoo wa walevi? Nikaona nina akili: nitaweka mrija mdomoni, nitaziba tundu lake kwa ulimi, nitavuta mashavu kama anayenyonya, nitashukuru, na hakuna atakayejua.

Nikauweka. Ndugu zangu, midomo ina kumbukumbu yake! Mimi nimeziba tundu, lakini mate yalijaa kinywani yenyewe kana kwamba yaliitwa kwa jina, moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikalowa jasho na baridi yote ile ya Ufipa. Nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo, nikafika katikati nikapotea.

"Mheshimiwa, vuta!" akasema babu. "Mbona chungu hakishuki? Au mrija umeziba?"

"Haujaziba, mkwe," nikasema (na huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza), nikarudisha ule mrija mdomoni. Kitu cha uvuguvugu kikanigusa ncha ya ulimi. Sikujua ni pombe au ni mate yangu mwenyewe, na mpaka sasa sijui.

Ndipo shangazi wa binti, mama mcheshi mwenye simu kubwa, akainama mbele yangu. "Babu mjumbe, hapohapo, usitoe! Kitambulisho kionekane!" Akapiga picha, akaituma kwenye kundi la simu la ndugu wote wa posa, na wa kwetu wakiwemo, chini yake ameandika: Mjumbe wa mkoa naye hakutuangusha.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimesimama kueleza tumekuja kuomba nini, simu yangu ikalia. Nikaikata. Ikalia tena. Nikaomba radhi, nikapokea.

"Baba Edita," mke wangu akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha wowote. "Picha nimeiona. Imefika mpaka mtaani. Gaspari alikuwa hapa ameleta mwiko, mtu akamwonyesha. Ametoka bila kuaga, ameshika njia ya kilabuni."

Nikawaangalia wale wazee waliokuwa wakisubiri maneno yangu, nikamwangalia Remi aliyetulia kwenye kigoda na shati lake jipya, na nikasema, "Wakwe zangu, nisameheni, nimepatwa na jambo, lazima niondoke." Remi akanitolea macho. "Babu! Sasa?" Nikawa nimeshafika mlangoni. Nyuma yangu nikamsikia shangazi, "Jamani, kimpumu kimemshika tumbo mjumbe, mwonyesheni choo!" na nyumba nzima ikaangua kicheko, nami sikugeuka.

Nikakodi bodaboda mpaka mjini. Upepo wa njia ile anaujua aliyeipita kwa pikipiki, unapenya suti kama haipo, lakini mimi nilitetemeka kwa kingine. Akilini nilimwona Gaspari ameinama juu ya chungu. Nilimwona mke wake akiwakusanya watoto na kuwapeleka kwa jirani kama zamani. Nikaanza rozari na kuapa kwamba nikimkuta salama nitafanya hivi na vile, kisha nikaona aibu kufanya biashara na Mungu, nikasema tu, "Bwana, mshike," mara nyingi, mpaka kijana wa boda akauliza, "Mzee, nimshike nani?"

Kilabuni nikashuka hata pikipiki haijasimama. Sikuwa nimeingia mle tangu nilipoacha. Nikasimama mlangoni na suti yangu na kitambulisho changu, na mazungumzo yakakatika.

"Karibu mjumbe!" akasema mama muuzaji. "Umekuja kutufungia au kuonja? Maana tumeona picha, kule Mpui umeonja bure!"

"Mpe nafasi, mama, leo bodi inakaa hapa!" akapaza mmoja, na wengine wakapiga meza, "Mheshimiwa Mrija! Mheshimiwa Mrija!"

Nikapita benchi kwa benchi nikiinama kutazama nyuso, na wao wakidhani natafuta mahali pa kukaa wanasogea kunipisha, na harufu inapanda puani, na mate yale, yale mabaya, yakaanza tena kujaa. Hapo niliogopa kweli. Sikuwa nikimwogopea Gaspari peke yake. Niliona kabisa jinsi ilivyo rahisi kuketi. Mtu mmoja alikuwa ameshanisogezea chungu.

Nikahisi nimekamatwa ukosi kutoka nyuma.

"Toka humu!" Alikuwa Gaspari, anahema kama aliyekimbizwa. "Mzee, toka humu sasa hivi!"

"Gaspari! Umekunywa?"

"Mimi? Mimi nilikuwa kituoni pale chini natafuta gari la kukufuata Mpui! Nimeona boda inapita, ni wewe, unaingia kilabuni na kitambulisho! Umekunywa wewe!"

"Sijanywa. Hema nikunuse."

"Hema wewe kwanza."

Na pale katikati ya kilabu, watu wazima wawili, tukasogezeana vinywa na kunusana kama mbuzi mnadani. Mtu akapiga ukelele, "Haya, wanaungamishana!" na watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu.

Gaspari alikuwa safi, ana harufu ya saruji na vitunguu. Lakini uso wake ukabadilika.

"Mzee," akasema polepole, "unanuka."

Kicheko kikapungua, maana waliona macho yake. Nikaelewa kwamba jibu langu ndilo litakaloamua kama tunatoka wawili au natoka peke yangu. Nikasema, na sikuweza kunong'ona, kwa hiyo wote walisikia: "Niliweka mrija mdomoni nikaziba kwa ulimi. Niliona aibu kuwaambia wakwe kwamba mimi ni mgonjwa wa pombe. Kama kuna tone lilipita sijui. Na hapa nimesimama natamani, Gaspari. Nitoe."

"Kumbe wewe pia bado unaogopa," akasema. "Mimi nilidhani huko mbele hofu inaisha."

"Haiishi."

Akanishika mkono, akanitoa nje mbele ya watu wote kama anayemtoa mlevi, nami nikamwacha anitoe hivyo. Njiani hakuniachia. Sikujua ni mkono wa nani uliokuwa ukiutegemeza wa mwenzake.

Kwenye kikao cha bodi kilichofuata nilieleza yote kabla sijaulizwa, na mwenyekiti hakunivua ujumbe, ingawa shehe alikohoa sana. Mpui nilirudi kuomba radhi, nikasema ukweli wote nikiwa bado nimesimama. Babu wa binti akauliza, "Na mjukuu wako je, ana ugonjwa huo?" Nikamjibu kwamba hanywi, lakini ya kesho anayajua Mungu. Wamesema watafikiri. Bado wanafikiri, na Remi ananisalimia shikamoo kwa kifupi sana.

Lakini nashukuru. Tangu siku hiyo nimeapa kwamba popote nitakapokaribishwa, hata kwa askofu, ugonjwa wangu nitautaja kabla sijavuta kiti, atakayecheka acheke, atakayeninyima mke wa mjukuu aninyime. Na Gaspari bado anapita kila asubuhi. Zamani alikuwa akiketi na kunisubiri mimi nianze sala. Siku hizi akifika mlangoni, kabla ya shikamoo, husema, "Mzee, hema," nami nahema.