Goti Lililoombewa

Kinyozi huyu mtaani walimwita Kocha, ingawa maishani mwake hakuwahi kupiga mpira ukaenda alikotaka. Timu yake ilikuwa ndani ya simu: unachagua wachezaji wa kweli wa ligi za mbali, wakifunga huko, wewe huku unapata pointi za kuwatambia wenzako. Siku moja alimwacha mteja na nusu ya ndevu, akakimbilia nje kutafuta mtandao ili abadilishe nahodha. Usimcheke sana, pengine na kwenu yupo.

Basi nahodha wake akaumia. Siku hiyo yeye na mkewe walikuwa kwa mama mkwe, na kabla ya kula, mama mkwe akauliza nani ana jambo la kuombewa. Kocha akaropoka, machozi yakimlengalenga, "Kuna kijana ameumia goti. Moyo wangu hautulii kabisa." Wakamwombea kijana, wakaitikia amina. Usiku mkewe alipouliza ni kijana gani, Kocha aliona haya. "Humjui," akasema, akatoka nje na simu yake.

Tangu hapo mkewe akawa anamjibu kwa mkato, na salamu za mama mkwe zikapoa. Kocha aliapa kufa na siri yake. Mtu mzima, amemsumbua Mungu kwa ajili ya pointi!

Mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu aliumbuliwa na televisheni. Jioni moja walikuwa sebuleni kwa mama mkwe wakitazama vichekesho. Bwana harusi anaulizwa kama anamkubali bibi harusi, naye haondoi macho kwenye simu: "Ngojeni kwanza, kikosi hakijatangazwa!" Watu hoi. Kocha naye akacheka, kicheko cha mwenye jino bovu. Mara bwana harusi akapiga magoti, akaanza kulia, "Goti lake, jamani! Niombeeni goti la nahodha wangu!"

Mama mkwe akazima sauti. "Mkwe wangu, yule kijana wa goti, mama yake ni nani?"

"Nisamehe, mama. Simjui. Ni mchezaji tu, nilimpa unahodha."

"Wa kwenye simu?"

"Wa kwenye simu, mama."

Mkewe akafunika uso, akalia na kucheka kwa pamoja. "Na mimi silali, nikidhani una mtoto nje!"

Mama mkwe akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu. "Mungu ni mwema," akasema. "Kumbe ni mjinga tu."