Zamu za Maji ya Mzelezi

Mwanahalima binti Kondo alizaliwa Mitengwe, kijiji kilichokaa juu ya mto Mzelezi, upande wa vilima vya Kisarawe. Mwaka ule nzige walipokula hata majani ya mihogo ndipo alipoolewa, akashuka na mto huohuo mpaka Kwa Dosi, upande wa Kibaha, nyumbani kwa mumewe Salehe. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu ukifuata kingo. Mto ulikuwa mmoja na majumbe wawili. Mitengwe walikuwa na jumbe wao, na Kwa Dosi walikuwa na Jumbe Mwinyimadi, na mpaka wao uliandikwa kwenye kitabu cha boma. Nani mwenye maji, hilo halikuandikwa, kwa sababu katika miaka ya kawaida hakuna aliyeliuliza.

Kazi ya Mwanahalima, mbali na mpunga, ilikuwa kufinyanga. Udongo aliuchimba kwenye kingo za Mzelezi, akafinyanga mitungi na vyungu, akavichoma kwa magome na majani makavu, na wanawake wa kuanzia Janga mpaka njia ya Vihingo walijua mkono wake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akiwa kwenye udongo unaweza kumsalimia mara mbili kabla hajakusikia.

Mwaka 1949 masika hayakunyesha. Vuli ya kabla yake nayo ilikuwa manyunyu tu. Mpunga uliopandwa kwa kubahatisha ulisimama kwenye majaruba ukiwa na rangi ya majani ya chai, na watu wakaanza kwenda porini kuchimba ming'oko, viazi vya mwitu. Mwezi wa nne maji ya Mzelezi yalipungua Kwa Dosi mpaka kifundo cha mguu, kisha asubuhi moja hayakuwapo kabisa. Mchanga ulikuwa bado umeloa, na vidimbwi viwili vitatu vilikuwa na samaki wanaotweta.

Habari ilifika kabla ya adhuhuri. Watu wa Mitengwe walikuwa wamekatiza mto kwa tuta la magogo, matete na udongo, wakayageuzia maji yote kwenye mfereji wa majaruba yao. Aliyewaongoza ni Husseini Kondo, kaka yake Mwanahalima, mtoto wa baba na mama mmoja.

Jumbe Mwinyimadi alifanya kama ilivyompasa. Alimwita karani wa baraza, Lukasi, kijana aliyesoma shule ya misheni, akamwandikisha barua ya kwenda boma. Lukasi aliandika vizuri, akaisoma kwa sauti, akawaambia watu wawe na subira. Barua ikaenda. Zikapita siku tano, kisha nane. Siku ya tisa Kibwana, mdogo wake Salehe, alisema mpunga hausomi barua. Alfajiri ya siku iliyofuata aliondoka na wanaume kumi na mmoja, wamebeba majembe na mashoka.

Walilivunja tuta. Walinzi wa Mitengwe walikuwa watatu tu, mmoja wao Husseini, naye alisimama juu ya tuta akakataa kushuka. Kibwana alikuwa tayari ameinua jembe kukata matete. Wengine wanasema alikusudia, wengine wanasema Husseini aliingiza mkono. Jembe lilimpata chini ya kiwiko, likafika mfupani.

Na yale maji? Mwanahalima aliyaona kwa macho yake yakipita Kwa Dosi mchana ule. Yalikuja kwa kishindo, ya rangi ya matope, yamebeba magogo na matete, yakabomoa kingo za majaruba matatu, yakaendelea kuelekea bonde la Ruvu bila kumngoja mtu. Watoto walishangilia. Kufikia magharibi mto ulikuwa umekauka tena, na sasa hata Mitengwe hawakuwa na kitu nyuma ya tuta. Salehe alikaa kizingitini akasema tumemwaga chakula cha vijiji viwili kwa asubuhi moja. Mkewe alikuwa anafunga kanga na dawa za majani ndani ya kikapu.

“Unakwenda wapi, mama Siwema?”

“Kwa kaka yangu.”

“Watakupokea?”

“Sijui,” alisema. “Lakini ule mkono ni wa kwetu.”

Mitengwe hawakumfukuza, ila hakuna aliyemkaribisha. Alimkuta Husseini amelala kitandani uani, mkono umefungwa kitambaa kilichokauka damu. Akapiga goti.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba,” alisema Husseini, akageukia ukutani.

Siku tatu za kwanza alikubali kuoshwa kidonda lakini hakupokea maji ya kunywa mkononi mwa dada yake, mpaka aletewe na mkewe. Mwanahalima alichemsha majani, akaosha kidonda, akafunga. Mchana, mgonjwa akilala, alikwenda mtoni kuwatazama watu wa Mitengwe wakijenga tuta upya. Aliona jambo ambalo wao, kwa hasira, hawakulitazama. Maji yaliyokusanyika usiku yaliyajaza majaruba ya juu kufikia saa nne. Baada ya hapo yalifurika kwenye magugu na kupotelea huko mpaka jioni, maana hakuna aliyetaka kuyaachia yarudi mtoni.

Nyumbani kwa marehemu mama yao palikuwapo chungu cha kuvuja, chungu kilichoharibika wakati wa kuchomwa. Mama yao alikuwa akikijaza maji na kukining'iniza juu ya rundo la udongo ili udongo usikauke, na Mwanahalima tangu utotoni alijua kwamba chungu kile kikiisha, kazi ya kukanda imekwisha na ni wakati wa kwenda kupika. Siku ya sita alifinyanga kipya, akakitoboa kwa mwiba wa mchongoma kabla ya kukichoma. Alipokijaza, kilichukua muda unaokaribia saa moja kuisha. Alikipima mara tatu, na mara zote kivuli cha mti kilifika mahali palepale.

Akakipeleka kwa kaka yake, akamweleza. Tieni mlango wa ubao kwenye tuta. Vyungu vitatu, maji yaende mferejini kwa Mitengwe. Vyungu vitatu, mlango ufunguliwe, maji yashuke Kwa Dosi. Akae mtu mmoja wa kila upande kukijaza na kukitazama.

Husseini alikitazama kile chungu kwa muda mrefu. “Umetumwa na watu wa mumeo.”

“Sikutumwa.”

“Na tundu umelitoboa wewe. Nitajuaje kwamba hukulifanya dogo ili zamu yao iwe ndefu?”

“Chungu ni kimoja, kaka. Zamu yao ikirefuka, na yenu imerefuka. Nikikupunja wewe, nimempunja na Salehe.”

Hakucheka, lakini alimwambia mkewe amwite jumbe.

Yalipita mabishano ya siku mbili, ya kupiga kelele na ya kununa, kisha wazee wa Mitengwe wakakubali kujaribu, kwa sababu tuta lisilolindwa na watu ishirini lingevunjwa tena na hakuna aliyekuwa na nguvu za kulinda na kulima. Jumbe Mwinyimadi alimtuma mtu wa kukitazama chungu. Siku ya kwanza zamu zilikwenda bila ugomvi. Siku ya pili mtu wa Kwa Dosi alikuja amekasirika. Hawakupata hata tone. Mitengwe wakasema mlango ulifunguliwa vyungu vitatu kamili, mashahidi wapo. Kwa Dosi wakasema wanadanganywa, wakataka vyungu sita. Majembe yakaanza kutazamwa tena.

Mwanahalima ndiye aliyemwambia kaka yake, “Tuyafuate tukaone yanakokwenda.”

Mlango ulipofunguliwa asubuhi iliyofuata, wawili hao walishuka na mto, yeye mbele, Husseini nyuma na mkono wake ukining'inia kwenye kanga iliyofungwa shingoni. Hawakutembea mwendo wa watu bali mwendo wa maji, na maji yalitembea polepole mno. Ulimi wake ulikuwa mwembamba, umebeba povu na vijiti, unasogea hatua tatu na kusimama, kana kwamba umechoka. Mchanga uliyanywa. Ukisimama kimya uliusikia ukiyanywa, sauti ndogo kama ya mtu anayevuta chai ya moto. Yalipoingia kwenye shimo walisimama wakangoja shimo lijae. Jua likapanda. Walikuwa hawajakaa pamoja kwa muda mrefu hivyo tangu mazishi ya baba yao, na waliongea kidogo, habari za watu waliokufa na mashamba yaliyoachwa.

Walipofika kwenye mkuyu ulioandikwa kwenye kitabu cha boma kuwa ndio mpaka, yule ulimi wa maji ulisimama na haukusogea tena. Zamu ilikuwa imekwisha kule juu. Husseini alichuchumaa, akaweka kiganja cha mkono mzima juu ya mchanga uliolowa. Mbele yake mto wote ulikuwa mkavu mpaka kwenye kona.

“Hayafiki,” alisema.

“Hayafiki, kaka.”

“Mimi nilidhani wanasema uongo.” Akapangusa mchanga kiganjani. “Basi sita. Nitawaambia mimi mwenyewe.”

Kwa kuwa walikuwa wamekaribia, alikwenda mpaka Kwa Dosi, nyumbani kwa dada yake, ambako hakuwa ameingia tangu harusi. Salehe alimpokea kwa heshima na kumtandikia mkeka. Kibwana alikuwa uani akipasua kuni, akasimama na shoka mkononi asijue aliweke wapi. Hawakusalimiana. Husseini alikunywa maji aliyopewa na dada yake, akashukuru, akarudi kwao kabla ya alasiri.

Vyungu vitatu kwa Mitengwe na sita kwa Kwa Dosi, hivyo ndivyo walivyofikisha mwezi wa saba. Isidhaniwe kwamba njaa iliondoka. Nusu ya mpunga ilikufa, na iliyobaki ilitoa punje ndogo. Watu walikula ming'oko na mahindi ya njano ya msaada, na watoto wawili wa Kwa Dosi walizikwa mwaka ule. Lakini palikuwa na mbegu ya kupanda mvua ziliporudi mwezi wa kumi na moja, na mvua hizo zililichukua tuta lote na mlango wake kwa siku moja. Jibu la boma lilifika baadaye. Lukasi aliisoma barua mbele ya baraza, kwamba ni marufuku jumbe yeyote kuzuia mto bila ruhusa ya Bwana Shauri, afisa wa boma, na watu wakasikiliza mpaka mwisho huku viatu vya karani vimezama kwenye matope.

Mkono wa Husseini ulipona ukiwa umepinda, hauwezi kushika jembe sawasawa. Wazee wa pande zote mbili waliamua Kibwana amlimie shamba lake misimu miwili. Alilima. Alikuwa akifika asubuhi na kuondoka mchana, na mke wa Husseini akimwekea chakula kando ya shamba. Msimu wa tatu hakuna aliyemdai, lakini alionekana tena, na Husseini hakuuliza.

Mwaka 1954, ukame mwingine ulipokuja, watu wa upande wa Chole walimfuata Mwanahalima akawagawie kijito chao. Alikwenda na Siwema, bintiye, akakaa wiki mbili, akafinyanga chungu, akaeleza yote kama alivyowaeleza ndugu zake. Haikufaa. Wa juu walikivunja chungu siku ya tatu, na wa chini wakaanza kunoa mapanga. Njiani kurudi Siwema alimuuliza mama yake walikosea wapi, kama ni tundu au ni hesabu ya zamu.

Mwanahalima alisema hesabu ilikuwa sawa. Alichokitafuta kule kwa wiki mbili asikipate ni mtu mwenye ndugu pande zote mbili.