Nafasi ya Vidole Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini, Maskati, mwaka wa sitini na saba, Mudir, mkuu wa kampuni yetu, alinipa taipureta ya Kiarabu, barua za Kijerumani na amri moja.

"Neno usilolijua, liwachie nafasi ya vidole viwili. Usinibahatishie. Mimi nnauza pampu za maji. Ukikosea neno, shamba la mtu linakauka."

Ndivyo ufasiri ulivyokuwa wakati wetu. Kamusi ya Kijerumani kwa Kiarabu sikuwa nayo; nilipitia Kiswahili, nikifikiri kwa lugha ya nyumbani na kuandika kwa lugha ya ofisi. Vijana wa leo mtashangaa, lakini nafasi tupu ilikuwa sehemu ya ufundi. Barua isiyo na nafasi hata moja ilimtia Mudir wasiwasi.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Ujerumani, na Unguja sikuweza kurudi tena baada ya mapinduzi. Milango ya mji ikishafungwa jioni, nilibaki na kuta za chumba changu. Nilihoji kila kitu, hata dini, na wa kuhojiana naye sikuwa naye. Nilichosubiri ni Alhamisi alasiri tu. Mudir, mzaliwa wa Unguja kama mimi, alikaribisha wazee wachache nyumbani kwake, tukanywa kahawa na kuzungumza Kiswahili.

Mwaka uliofuata Mjerumani wa kiwanda cha pampu alimletea Mudir zawadi: kitabu cha maisha ya mshairi wao mkubwa wa zamani, mtunzi wa tamthilia pia. Mudir akataka niifasiri sura inayoeleza dini ya mshairi huyo, niwasomee wazee.

Nikawaeleza kwamba mshairi huyo mamake alimlea kanisani. Alipougua ujanani, bibi mmoja mcha Mungu, rafiki wa mamake, alimfundisha kutulia mbele ya Mola. Baadaye kanisani akawa haendi. Akaisoma Kurani kwa tafsiri, ikamgusa, akatunga shairi la kumsifu Mtume.

Kisha nikafika penye neno. Kitabu kilisema mshairi alijiachia mikononi mwa Mungu. Kwa mazoea ya ofisi nilikuwa nimeandika kwa Kiarabu, nikasoma: "aslama".

"Basi kasilimu," akasema mzee mmoja, akiweka kikombe chini.

"Alhamdulillahi," akasema Mudir. "Ndo maana yule Mjerumani aliyeleta kitabu hakuitaja dini ya mshairi. Anaona haya."

Wakacheka. Nikasema, "Hapana, Mudir. Kujisalimisha si kusilimu. Kwa Kiarabu neno ni moja, kwetu ni mawili. Kitabu hakisemi kama alitoa shahada."

"Wala hakisemi kama hakutoa. Andika kasilimu."

"Ntaacha nafasi ya vidole viwili."

Kicheko kikakatika. Mudir akanitazama.

"Na wewe, mwanangu? Mjerumani tumwache. Nnakuuliza wewe, kwako neno lipi katika hayo mawili?"

Neno moja tu lingetosha, na Alhamisi zangu zingebaki.

"Na kwangu acha nafasi, Mudir."

Jumamosi nikahamishiwa ghala la bandarini, Matrah, kufasiri maandishi ya masanduku. Mkuu wa Ghala alikuwa mtu mwema asiyependa mazungumzo. Na Mudir tulisalimiana vizuri kila tulipokutana, ila Alhamisi hakuniita tena. Zikapita siku nzima nisiseme Kiswahili ila peke yangu, nikihesabu masanduku.

Mwaka wa sabini akaja sultani mpya, mambo yakabadilika. Watu wetu wa Unguja wakaanza kuja kwa wingi, serikali ikataka wafasiri. Nilikwenda kumuaga Mudir.

"Ile nafasi yako, ushaijaza?"

"Bado."

"Mwaka wa pili huu."

"Ndiyo, Mudir."

Akanimiminia kahawa, ya kwanza tangu siku ile. "Basi usimwache mtu akujazie. Hata mimi."

Baada yake nilifanya kazi chini ya wakurugenzi na makatibu wakuu, nao wote walitaka kurasa zilizojaa. Sasa nimestaafu, nakaa Bawshar, nyumba kubwa ambayo mchana haina mtu. Msikitini naenda, maswali hunisindikiza mpaka mlangoni, na mengine huingia nami. Mudir tulishamzika, na hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza tena.

Ila mjukuu wangu. Juzi alitaka kujua yule mshairi alikufa na dini gani. Nikaweka vidole viwili mezani.

"Na wewe, babu?"

Vidole sikuviondoa.