Mama Aliyeipaka Mashine Samli

SHINYANGA. Saa moja na robo asubuhi, Scolastika Ngassa anasimama kando ya mashine iliyowaondoa kazini wenzake wanane, na anaisikiliza. Macho yake yako kwingine kabisa, juu ya ukuta, kama mtu anayesubiri kuitwa. Makopo ya samli yanapita mbele yake juu ya mkanda wa mpira, yanagongana, kling, kling, kling.

"Hilo limebonyea," anasema. Kabla neno halijamtoka vizuri, mkono wake umeingia kwenye mkanda na kutoka na kopo lenye bonde ubavuni.

Mkanda hausimami kumsubiri. Makopo ishirini na manne yanajipanga mistari minne ya sita sita. Vidole vya mpira vinashuka kutoka juu, vinayakamata shingoni, vinayanyanyua yote kwa mpigo mmoja na kuyatua ndani ya katoni. Katoni inasogea, nyingine inashika nafasi yake. Ni katoni tano kwa dakika moja. Mwandishi wa habari hizi alihesabu mara tatu kwa saa yake ya mkononi, maana mara ya kwanza hakuamini.

"Hata mimi sijazoea," anasema Scolastika. "Kila asubuhi fundi akiiwasha, moyo unaruka. Naona kama kuna watu ndani."

Mpaka Februari mwaka huu wa 1957, watu walikuwapo kweli. Walikuwa wafungaji kumi katika kiwanda hiki cha Bwana Karsan, karibu na stesheni ya reli. Walikaa pande mbili za meza ndefu, wakikunja katoni, wakipanga makopo na kuyatenganisha kwa majani makavu ili yasikwaruzane. Mfungaji hodari alimaliza katoni ishirini kwa siku. Kumi wote walimaliza mia mbili, mikono ikanukia samli mpaka kitandani. Mashine inamaliza mia mbili kabla ya chai ya saa nne.

Scolastika ana miaka arobaini na mmoja. Ni mzaliwa wa Ushirombo, akabatizwa misheni, akaolewa Kahama. Mumewe alikuwa mchimbaji katika machimbo ya dhahabu huko Geita, akarudi nyumbani na kikohozi kilichomla taratibu, akafa mwaka 1949. Mjane akabaki na mtoto, Donatus, ambaye leo ni mtu mzima mwenye mke wake, na pia na ng'ombe mmoja ambaye kaka wa Scolastika anamtunzia kijijini.

Aliyemwingiza kiwandani ni Apolonia, ambaye hapa wote humwita Mama Klara. Walikutana kisimani, wageni wawili wa mji, mmoja akilia na mwingine akimwuliza kulikoni. Kesho yake Apolonia alimshika mkono mpaka kwa nyampara Marcel, akamwambia, "Huyu ni dada yangu. Akishindwa kazi, mnitoe mimi."

Hakushindwa. Kwa miaka minane wawili hao walikaa meza moja, goti kwa goti. Mshahara ulifika shilingi thelathini na tano kwa mwezi. Si mwingi, lakini ulitosha unga, sabuni na sadaka, na siku moja moja kitenge.

Mashine ilifika kwa treni mwishoni mwa Januari, ndani ya masanduku saba. Ilikwisha kufanya kazi Nairobi, na mwenye kiwanda aliinunua ikiwa imetumika. Ilikuja na fundi wake, Stanslaus, kijana mpole wa Bukoba anayevaa kofia hata akiwa ndani ya nyumba. Wafungaji walipouliza kitu hicho kimekuja kufanya nini, nyampara aliwajibu, "Kimekuja kuwasaidia."

Wakaamini. Kwa nini wasiamini? Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo walivyolelewa.

Siku ya kuizindua ilipangwa kuwa Jumamosi. Ijumaa fundi aliijaribu ikaenda sawasawa, na wafungaji wakasimama midomo wazi. Mzee mmoja alikaa chini sakafuni. Apolonia aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa sisi tutashika nini?" Huenda swali lile lilistahili kujibiwa siku ile ile.

Jioni hiyo hiyo Scolastika aliona jambo jingine. Bwana Karsan na mkewe waliingia na sinia la shaba. Waliiwekea mashine shada la maua ya njano, wakaitia alama nyekundu pajini, yaani pale ambapo mashine ingekuwa na paji la uso, na wakavunja nazi mbele yake. Waliomba kwa lugha yao, viatu wamevua.

"Nikajisemea, kumbe huyu mgeni anaombewa," anasimulia. "Wenyewe wameshamwombea kwao. Na sisi tunaoshinda naye, je? Tumkaribishe mikono mitupu?"

Kwao, anasema, kitu kipya hakitumiwi kikavu. Jembe jipya hupakwa siagi, kibuyu kipya hupakwa, bibi harusi hupakwa mpaka ang'ae. Bibi yake alikuwa akipaka hata kizingiti cha nyumba mpya, na mkono wake ulikuwa wa baraka, hakuna asiyejua.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, mlinzi alipomfungulia, Scolastika aliingia na kibuyu kidogo. Hakugusa samli ya kiwandani hata tone. Alileta ya ng'ombe wake, ile aliyoitunza kwa ajili ya Pasaka. Akaanza mlangoni. Akapaka mizani. Akapaka meza ndefu ya wafungaji, mahali pa kila mtu, akitaja jina. Akapaka kiti cha Bwana Karsan. Kisha akaiendea mashine, akaipaka polepole kama anavyopakwa mtoto baada ya kuoga: mbavu, mabega, mkanda wote tangu mwanzo hadi mwisho, na vidole vya mpira, kimoja kimoja.

Msomaji ameshaelewa. Yeye hakuelewa.

Saa nne wageni walikuwa wamejaa: wenye maduka kutoka Kahama, wanunuzi wa stoo za machimbo kutoka Geita, padre mmoja wa Ushirombo, na mke wa Bwana Karsan katika sari nyeupe. Fundi Stanslaus akavuta wenzo. Mashine ikaguruma, makofi yakapigwa.

Makopo ya kwanza yalifika kwenye mkanda yakaanza kuteleza. Lililosimama likalala, lililolala likaviringika. Vidole vikashuka, vikakamata, vikanyanyua, na juu kabisa, mbele ya macho ya watu wote, vikaachia. Makopo ishirini na manne yalianguka kwa kishindo. Mengine yakashuka chini ya mkono wa chuma unaosukuma katoni, nao ukayafinya kama mtu anayefinya chawa. Samli ikaruka. Ikampata padre kifuani, ikawapata wenye maduka, ikaichafua ile sari nyeupe kuanzia bega hadi pindo.

Fundi aliizima mara moja. Stanslaus akapitisha kidole kwenye mpira, akakinusa.

"Bwana," akasema, rangi imemtoka, "hii imepakwa. Mtu ameipaka."

Bwana Karsan alipaza sauti. "Nani? Nani ameua mashine yangu? Marcel! Funga mlango. Lete polisi!"

Wafungaji walitazamana. Kila mmoja alifikiri lile lile: leo kuna mtu anakwenda jela. Scolastika anasema ndipo alipoona kwa mara ya kwanza alichokifanya. Apolonia, aliyesimama ubavuni pake, alimfinya mkono kwa nguvu na kumnong'oneza, "Nyamaza, Mama Donatus. Usiseme kitu."

Akasema. "Nimeipaka mimi."

"Wewe?" Bwana Karsan alimsogelea. "Miaka minane unakula kwangu! Unaogopa mashine itachukua kazi yako, ndiyo?"

"Hapana, baba. Nimeikaribisha."

Watu wengine walicheka, kicheko kile cha woga. Nyampara alikuwa tayari ameshika kitasa. Ni Stanslaus aliyeinua mkono. "Subirini kwanza. Mharibifu hutia msumari au mchanga, kisha hukana. Huyu amepaka mpaka mlango. Bwana, hebu tazama suruali yako kwa nyuma."

Bwana Karsan akajipapasa. Alikuwa amekikalia kile kiti asubuhi yote.

Hapo mkewe akasema jambo kwa Kigujarati, neno moja moja, bila kupandisha sauti, huku akijifuta bega. Scolastika hakuelewa, lakini Marcel aliyezoea lugha ile alimtafsiria baadaye: "Jana wewe uliipaka rangi, yeye leo ameipaka samli. Taa ya mungu wetu tunaiwasha kwa mafuta ya taa, au kwa samli? Huyu mama ametupa kilicho bora. Mwache."

Bwana Karsan aliacha kujipapasa. Kisha akauliza kibuyu kiko wapi. Aliletewa, akachovya kidole, akaonja. "Ni samli safi," akasema, na hasira ikamwishia usoni mbele ya watu.

Ilichukua saa tatu kuiosha mashine kwa maji ya moto na sabuni. Wafungaji wote kumi walisugua pamoja, wakicheka sasa kicheko cha kweli, wakimtania mwenzao. "Mama Donatus, umemwogesha bwana harusi kabla hajalipa mahari!" Saa nane mashine iliwashwa tena. Haikuangusha hata kopo moja.

Saa kumi walipangwa uani. Marcel alikuwa na karatasi. Alisoma majina mawili tu: Mabula, kwa ajili ya kupakia katoni kwenye lori, na Scolastika. "Bwana amesema aliyeibariki ndiye aitunze. Wengine nawashukuru kwa kazi yenu. Mtalipwa mpaka leo."

Hakuna aliyelia papo hapo. Walisimama wameduwaa, mikono bado inanuka sabuni waliyoisugulia mashine. Yule mzee alimwomba Marcel asome tena, labda alikuwa ameruka mstari. Marcel akasoma tena. Yalikuwa yale yale mawili.

Scolastika aligeuka kumtafuta Apolonia. Akamkuta anamtazama kwa jicho ambalo hakupata kuliona kwa miaka minane.

"Kumbe," Apolonia alisema. "Uliamka alfajiri, peke yako, ukaipaka ili ikupende wewe."

"Mama Klara, niliipaka kwa ajili yetu sote. Nilitaja jina lako kwenye meza!"

"Meza inatolewa kesho," alisema Apolonia. Akafunga khanga yake, akatoka langoni bila kuaga.

Akisimulia sehemu hii, Scolastika huacha kuisikiliza mashine. Kopo lililobonyea linapita mbele yake na kuingia kwenye katoni, naye halioni. "Bwana Karsan alidhani nataka kuiua, nikaumia, lakini niliweza kusema," anasema. "Huyu aliyenishika mkono anadhani nimemwuza. Na nikikaa nikifikiri, naona ana haki ya kudhani. Ningekuwa mimi, ningedhani hivyo hivyo."

Wale saba wengine amewaendea nyumbani mmoja mmoja, na wamempokea. Wawili wamekwenda kuchambua pamba. Mmoja amefuata ndugu zake Geita. Mzee yule amerudi kulima. Hawana kinyongo, ama kama wanacho wamekimeza na uji waliompa.

Nyumba ya Apolonia iko Ibadakuli, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Jumapili nne mfululizo, baada ya misa, Scolastika amekwenda kupiga hodi. Jumapili nne mlango haukufunguliwa, ingawa moshi ulikuwa ukitoka jikoni.

Na safari hizo si za kuomba radhi tu. Mwanzoni mwa mwezi huu alimwendea Bwana Karsan na ombi lililomshangaza hata Stanslaus. Nafasi yake moja igawanywe: wiki mbili afanye yeye, wiki mbili afanye Apolonia, na mshahara wagawane nusu kwa nusu.

"Nilimwambia mwenzangu ana sikio kunizidi," anasema. "Kwa kugonga kucha tu alikuwa akijua kopo linalovuja. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Bwana Karsan alikuna kichwa, akasema kwake ni mamoja, mradi mashine ina mtu. Lakini alitoa sharti: huyo mwingine afike mwenyewe kabla mwezi haujaisha, la sivyo shauri hilo limekufa. Zimebaki siku tisa. Apolonia hajui lolote, kwa sababu habari hii, anasisitiza Scolastika, haifai kutumwa kwa mdomo wa mtu mwingine. Ataona anatumiwa makombo.

Shilingi kumi na saba na nusu zitamtosha kweli?

"Hazitatosha," anajibu upesi, bila kufikiri. "Ila nitakuwa nazila nikiwa na mtu."

Mashine inasimama kwa ajili ya chai. Katika ukimya ule anafuta mikono, anakaa juu ya katoni tupu, na anaeleza mpango wake wa Jumapili ijayo kama mtu aliyekwisha kuupima kila upande.

"Safari hii sipigi hodi. Nitafika mapema, nikae kizingitini kwake, ninyamaze. Mlango anaweza kunifungia mwaka mzima. Lakini ndani hana kisima. Maji yatakwisha, atatoka na ndoo, na akitoka atanikuta."