Nilivyomwacha rusher mwenye jina kubwa nikamchagua mdaka kriketi wa Kingsbury

Wakuu, heshima mbele.

Haya ninayoandika yametokea kweli, na baadhi ya waliokuwepo uwanjani wamo humu na ID zao za ajabu ajabu. Nikiongeza chumvi watanisuta, kwa hiyo sitaongeza.

Mimi ni binti wa Kitanzania, naishi Edmonton, kaskazini mwa London. Kazi yangu ni warehouse, napakia maboksi. Tatizo langu kubwa ni kwamba siwezi kufanya kitu nusu. Nikifunga mlango, lazima nirudi kushika kitasa. Nikiandika message ya "sawa" tu, naifuta naiandika upya. Hata uzi huu nimeufuta na kuuanza tena, msishangae mkiona umechelewa.

Nje ya kazi napenda American football. Sijawahi kuucheza. Nimejifundisha mwenyewe kwa kuangalia video, narudisha nyuma, naangalia tena, mpaka dada ninayeishi naye akaniuliza kama nasomea mtihani.

Kwa wasioujua mchezo, nawaelekeza haraka ili tuwe pamoja.

Timu yetu inacheza ile ya vitambaa. Hakuna kuangushana. Kila mchezaji anafunga vitambaa kiunoni, ukichomolewa kimoja, umekamatwa. Kichwa cha timu inayoshambulia ni mrushaji, yule anayepokea mpira na kuwatupia wenzake. Na adui yake mkubwa ni rusher: anasimama mbali kidogo, mpira ukiinuka tu kutoka chini, anamkimbilia mrushaji amchomoe kitambaa kabla hajautupa. Akifanikiwa, hiyo inaitwa sack.

Rusher mzuri anaharibu siku ya mpinzani. Rusher mbovu, mnafungwa mpaka mnatamani mvua inyeshe mechi iahirishwe.

Sisi tulikuwa na rusher mbovu. Tukamaliza msimu mkiani.

Ligi yetu ni ya mtaani, timu nyingi ni za watu wa Afrika Mashariki. Ina utaratibu mmoja ambao naupenda. Kila timu inaruhusiwa kuongeza mtu mmoja tu kwa msimu. Unaweza kumsajili free agent, yaani mchezaji mzoefu asiye na timu. Au unasubiri draft, uchague mmoja kati ya wageni waliokuja kwenye majaribio. Ukichukua free agent, nafasi yako ya draft imekufa. Aliyemaliza mkiani ndiye anachagua wa kwanza.

Kwa hiyo tulikuwa wa kwanza, na mtu mmoja tu wa kuchagua.

Kocha wetu ni Mkenya, nurse, tunamwita Coach Wekesa. Alinipa kazi ya kuchagua kwa sababu nilijisifu mbele ya timu nzima kwamba rushers nawajua. Kisha akanivuta pembeni.

"Dada, umesema unajua hawa watu. Sawa. Chagua. Lakini wakitucheka, ni wewe wanacheka. Na ukikosea, hii kazi nampea mtu mwingine."

Wakuu, hiyo ilikuwa kazi pekee London hii ambayo mtu aliniomba nitumie akili yangu. Kule warehouse hakuna anayeniuliza nafikiri nini. Sikutaka kuipoteza.

Free agent aliyekuwa anagombewa tunamwita Tinga. Jamaa mkubwa, ana mbio, ana maneno. Timu yake ilikuwa imevunjika. Kila mtu kwenye group yetu alimtaka. Video yake ya sack ilikuwa inazunguka na muziki juu, unaona watu wanakimbia kama kuku.

Mimi nikaomba mechi nzima. Vipande vizuri vizuri sikuvitaka.

Group ikanicheka. "Profesa wa Video kaanza!" Mwingine akaandika, "Huyu hata akipewa mume ataomba mechi nzima." Nilicheka nao, lakini kucha zangu zilikuwa zimeisha.

Mechi nzima ikaniambia mambo mawili.

La kwanza, sack nyingi za Tinga zilikuja mrushaji akiwa amekaa na mpira muda mrefu, hana wa kumtupia, kwa sababu mabeki wa Tinga walikuwa wamewabana wote. Yaani hata mimi na hizi sandals ningefika. Kazi ilikuwa ya mabeki, jina likapewa Tinga.

La pili ndilo lililonishtua. Tinga alikuwa anaondoka kwa sauti. Mrushaji kabla ya kupewa mpira huwa anapiga kelele kuwapanga wenzake. Tinga alikuwa anabahatisha: akisikia kelele, huyoo. Akipatia, anaonekana umeme. Akikosea, anaondoka kabla ya mpira, timu yake inaadhibiwa na mpinzani anasogezwa mbele. Kwenye ile video yenye muziki, adhabu zote zilikatwa.

Basi nikasema Tinga hapana, tusubiri draft.

Hapo ndipo na mimi nikafanya ujinga wangu.

Siku ya majaribio ya wageni, niliandaa zoezi la mbio fupi. Nilipanga koni kwa kupima na tepu, nikaweka simu kwenye stendi irekodi kila hatua ya kwanza. Wanajipanga, napuliza filimbi, wanaondoka. Nilijiona mtaalamu kabisa.

Kulikuwa na kijana mmoja, Nirav, Mhindi wa Kingsbury, mtaa mwingine wa London, wazazi wake wametoka Mombasa. Mwembamba, anacheza kriketi, yeye ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti kudaka mpira. Kwenye zoezi langu alikuwa wa mwisho. Nikarudia. Wa mwisho. Filimbi inalia, wenzake wameshaondoka, yeye kama anajiuliza kuna nini.

Nikalikata jina lake. Nikamchagua kichwani jamaa mwingine mwenye mbio.

Kwa tabia yangu sikuweza kutulia. Mapumziko ya chakula kule warehouse nikaangalia tena video ya majaribio, sandwich mkononi. Baada ya lile zoezi walicheza mchezo wenyewe kidogo, na mpira. Hii sehemu niliiangalia juu juu tu, kwa sababu nilikuwa naamini zoezi langu.

Nikamtafuta Nirav humo kwenye video. Mpira unainuka, mguu wake unainuka. Pamoja. Nikarudisha. Pamoja tena. Yule mwenye mbio alikuwa anaanza baada yake kila mara, anamkuta keshaondoka.

Nikarudi kwenye zoezi la filimbi, nikamwangalia macho. Wenzake wananitazama mimi. Yeye anatazama chini, pale ambapo mpira ungekuwa.

Sandwich ilinishinda, wakuu.

Nilikuwa nimemkataa Tinga kwa kosa la kuondoka kwa sauti. Halafu nikaandaa zoezi linalompa ushindi anayeondoka kwa sauti. Kwa mikono yangu, na tepu yangu. Nilikuwa nawapima masikio.

Lakini na mimi ni mwoga. Video moja haikunitosha. Jumamosi nikapanda basi, nikabadilisha, mpaka Kingsbury Road, wazazi wake wana duka la viungo pale. Nirav hakuwepo mbele, mama yake akanipokea kwa Kiswahili cha Mombasa kilichonyooka kuliko changu.

"Karibu mwanangu. Wamtaka Nirav? Yuko ndani atazama kriketi. Mwite wewe, mimi nimechoka."

Nikaita. Kimya.

"Hasikii huyo. Mpira ukiwa mbele yake, mwite mpaka ukauke koo. Chai namtilia hapo, yapoa, nairudisha jikoni. Tangu mdogo!"

Sauti ikatoka ndani kwa Kiingereza, "Mum, please!"

Mama akanikonyeza. "Leo kasikia. Labda ni matangazo."

Nilitoka pale na pakiti ya masala ya chai na moyo mwepesi. Nilijua namchagua nani.

Draft ilifanyika kwenye mgahawa wa Waarabu Edgware Road, makapteni na makocha wamebanana mezani. Wa kwanza sisi. Nikasema, "Nirav, wa Kingsbury."

Kicheko mlichowahi kusikia kwenye harusi ni kidogo. Kapteni wa mahasimu wetu, Mzanzibari anaitwa Hamdun, alisimama kabisa akaweka mkono kifuani.

"Bibie, ahsante sana. Umetupa zawadi na hata sikukuu bado. Sisi twamchukua Tinga."

Coach Wekesa hakucheka. Aliniinamia sikioni: "Natumai unajua vile umefanya."

Wiki zilizofuata sikulala vizuri, hiyo nakiri. Nirav alianza taratibu, anajifunza njia, anajikwaa na wenzake. Kwenye group walikuwa wanamwita Kriketi, na mimi Mama Kriketi. Tulishinda, tukafungwa, tukashinda. Mpaka ikafika mechi ya mwisho, dhidi ya Hamdun na Tinga wake. Anayeshinda anaingia playoffs, yaani mtoano wa kutafuta bingwa, anayefungwa anarudi nyumbani kufua.

Kabla ya mechi nilimwambia mrushaji wetu kitu kimoja tu: piga kelele kwa mapigo tofauti. Mara moja, mara tatu, mara nyamaza.

Tinga aliondoka kabla ya mpira. Adhabu. Akaondoka tena. Adhabu. Hamdun anamfokea, "Tulia wewe, tulia!" Akajaribu kutulia, sasa akawa anachelewa. Mrushaji wetu alikuwa anatupa kama yuko bustanini kwake.

Lakini wale nao si watoto. Mwishoni tulikuwa tunaongoza kidogo tu, na wao wako karibu kabisa na mstari wetu wakiwa na nafasi moja ya mwisho. Wakifunga, wanashinda.

Hamdun ndiye mrushaji wao. Akaanza vitimbi. Akapaza sauti. Akapiga makofi. Akapiga mguu chini. Beki wetu mmoja akashtuka akarudi. Coach pembeni kaziba uso na kofia. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, nimeshika majani.

Nirav hakutikisika. Kachuchumaa vile vile kama yuko nyuma ya vijiti, macho kwenye mpira. Hamdun akapiga makofi tena. Hakuna kitu. Ni kama ilikuwa inapigwa kwenye mtaa mwingine.

Mpira ukainuka.

Sikuona hatua ya kwanza, naapa. Niliona tu kitambaa cha Hamdun kiko mkononi mwa Nirav, na Hamdun bado kakunja mkono kutupa, anajiangalia kiunoni.

Wakuu, nilipiga yowe mpaka sauti ikakatika. Coach Wekesa alinibeba juu, mtu mzima, nurse, analia. "Dada! Wewe dada! Hii kazi ni yako mpaka uzeeke!"

Hamdun alikuja kunipa mkono, muungwana yule. "Bibie, msimu ujao nakuomba unichagulie na mimi." Nikamwambia aombe mechi nzima.

Nilichojifunza? Jina kubwa kulikagua ni rahisi, kila mtu mwenye wivu anaweza. Kazi ni kulikagua zoezi lako mwenyewe, lile ulilolipima kwa tepu ukajipongeza. Msimu huu kwenye majaribio filimbi nimeiacha nyumbani. Naweka mpira chini, mtu anauinua, basi.

Na nyie mlioko maofisini, mnaofanyisha watu interview, niambieni humu: maswali yenu yanampima mtu kazi, au masikio? Na wale mliowahi kuwa wa mwisho kwenye zoezi la mtu, karibuni mtoe ushuhuda, leo tunaanza na nyie.

Halafu kitu kimoja ambacho nusura nikisahau. Wakati sisi tunarukaruka, mama yake Nirav alikuwa pembeni ya uwanja na chupa ya chai, kikombe kimeshajaa, anamwita mwanawe kwa nguvu zote.

Refa alikuwa bado kaushika mpira mkononi, na Nirav anautazama.

Chai ikapoa.