Kwenda Itebero Kutafuta Alama ya Jina la Papa

Niliondoka kwa sababu ya kijiko. Kabla ya likizo kubwa, Masera, mtawa anayetufundisha kushona, alituonyesha kijiko cha bibi yake. Kwenye mpini palikuwa na ngao ndogo yenye ndege watatu. Alisema kwao Ulaya kuna majina yenye alama yake, na mtu akiiona juu ya mlango ao juu ya kaburi, anajua ni ya ukoo gani bila kuuliza. Kisha akatuambia kila mmoja atafute alama ya jina lake, tukirudi tuidarizi kwenye kitambaa cheupe.

Wenzangu walikuwa na baba wa kuuliza. Papa yangu, Musombwa, alitoka msituni, Itebero, akaja Masisi kufanya kazi ya barabara, akamwoa Mama, akafa mwaka ule vita vya Wazungu vilipoisha. Nilikuwa na miaka minne. Ninachokumbuka ni mgongo wake tu, akienda mbele yangu katika njia ya shamba. Basi nikachora chui ndani ya ngao, kwa kuwa chui ni mzuri. Furaha, ambaye kitanda chake kiko karibu na changu, akacheka.

"Chui ya wapi, Veronika? Weye hata njia ya kwenu hauijue."

Sikumjibu. Mimi sijibu watu haraka. Lakini nilifika nyumbani na maneno yale yakiwa usoni, Mama akayaona. Akasema kaka yake, Mjomba Paulo, anakwenda Walikale kuuza vitunguu na kununua mawese, niende naye mpaka kwa dada ya Papa.

"Lakini sijui kama watakupokea," akasema. "Hawajatuandikia hata siku moja."

"Na sisi tuliwaandikia?"

Mama aliendelea kuchambua maharage.

Siku ya kwanza tulitoka Masisi na ukungu, tukalala Nyabiondo kwa katekista. Mjomba alikuwa na mzigo mkubwa, mimi nilikuwa na kikapu kidogo na karatasi yangu ya chui ndani ya daftari, lakini ni mimi niliyechoka. "Tembea, mutoto ya masera," alisema. "Ao unangojea wakubebe na kiti kama Muzungu?"

Siku ya pili, baada ya Kashebere, vilima vilianza kushuka na mbingu ikapungua. Sijui kuieleza vizuri zaidi. Kwetu mtu anaona kesho yake yote mbele, kilima baada ya kilima. Msituni unaona mti, halafu mti mwingine, na maji yanadondoka hata kama mvua haikunyesha. Kila mwanaume aliyetupita nilimtazama mgongo. Nilijua ni upumbavu, nikaendelea kutazama.

Siku ya nne, Walikale. Mjomba aliuza vitunguu vyote, na kesho yake dereva wa kamiyo alitupakia juu ya magunia mpaka Itebero.

Saa tisa hivi tulimkuta Shangazi mbele ya mlango, akimenya ndizi. Ni mwanamke mwembamba, kisu chake kinakwenda kasi.

"Mama, nimekuletea mutoto ya Musombwa," Mjomba akasema.

Kisu hakikusimama. "Musombwa aliacha mutoto?"

"Njo huyu."

"Watu wanakuja na watoto wengi. Anasema nini, yeye mwenyewe?"

Nikafungua daftari, nikampa ile karatasi. Alifuta mikono, akaitazama, halafu akaiweka chini kifudifudi na kuikalia.

"Nani mwingine ameona hii?"

"Masera. Na wenzangu."

"Chui ni ya mwami, mutawala wetu," alisema polepole. "Muntu akiua chui mu pori, anaibeba yote, ngozi na meno, mpaka kwa mwami. Akijiwekea, anajiita mwami. Wakiiona hapa, watasema Musombwa alizaa mwizi."

Mjomba alitazama paa. Mimi niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nimetembea siku zote hizo nikimbebea Papa jina baya.

"Sasa ya kwenu hauijue?"

"Njo nimekuja kuuliza, Shangazi."

Hapo kisu kilisimama. Aliniambia niingie.

Juu ya moshi wa jikoni ulining'inia wavu wa kuwindia, mweusi kama sufuria. Aliushusha kwa mikono miwili. Akanieleza kwamba watu wakienda kuwinda wanaunganisha nyavu nyingi, mstari mmoja mrefu. Mnyama akinasa, kila mmoja anapiga kelele kwamba ni wake. Ndipo wanatazama fundo la mwisho wa wavu, na maneno yanakwisha, kwa sababu kila nyumba ina fundo lake. La kwetu lina vitanzi vitatu, kamba inarudi chini yake yenyewe, na katikati kuna kipande cha pembe ya mboloko, yule swala mdogo.

"Hii alifunga papa yako, asubuhi ya kwenda kwenu. Alisema, nikirudi njo nitaifungua. Hakuna aliyewinda nayo tena."

Nikamwomba alikate, nilichukue. Akakataa. "Wavu bila fundo ni ya kila muntu." Akanipa kamba na kipande cha pembe. "Funga."

Nilifunga siku mbili. Yeye alikuwa akivuta mara moja tu, fundo linaachia. "Mboloko imekimbia," alisema. Mara nyingine: "Hii ni ya kufunga kuku." Mjomba alicheka, akapewa kamba naye, akanyamaza.

Siku ya tatu Shangazi alivuta, halikuachia. Akaukanyaga mwisho wa kamba, akavuta kwa mgongo wote. Hakunisifu. Alishusha wavu, akaniambia nifunge langu karibu na la Papa.

"Sasa ndugu zake wakiuliza hii ya pili ni ya nani, nitawaambia."

Kurudi, njia ilikuwa fupi zaidi. Nilitembea nikifunga na kufungua kamba, hata Mjomba akaniambia, "Utafunga mpaka nzi." Mama alilishika lile fundo muda mrefu. Akasema aliwahi kuliona mwisho wa kamba ya mbuzi, zamani, akafikiri ni fundo tu.

Shuleni nililidarizi kwa uzi wa kahawia. Furaha akauliza kama ni nyoka. Nikamjibu siku hiyohiyo: "Ni ya kwetu." Masera akauliza upande upi ni wa juu. Nikamwambia halina juu, linavutwa.

Nimejifunza kwamba alama ya jina haichaguliwi kwa uzuri. Na kuna jambo moja sikumwambia Mama. Asubuhi ya kuondoka nilibaki peke yangu jikoni, vidole vyangu juu ya fundo la Papa. Anayejua kulifunga anajua kulifungua, na mimi sasa ninajua. Shangazi pia alijua, miaka hii yote, lakini alimwachia mwenyewe. Niliacha wavu, nikatoka nje kubeba kikapu changu.